Usishike! Mhadhara juu ya Kitenzi Kuflashi



Nilipoombwa nizungumzie neno moja la Kiingereza lililohamia kwetu, nadhani mwenyekiti wa mhadhara huu alitaraji neno lenye tai shingoni: demokrasia, labda, au bajeti. Nimechagua kuflashi. Naona mnacheka. Miaka ishirini na ushei iliyopita nililitamka neno hili mbele ya mtu ambaye hakucheka hata kidogo, na yeye ndiye aliyenifanya nianze kulifikiria.

Nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja upande wa Ahero. Akaja mgeni kutoka Uingereza, mwalimu mstaafu, mama mwenye nywele nyeupe na viatu vya kutembelea milimani, aliyekuwa atusaidie Kiingereza kwa muhula mmoja. Jioni moja ilibidi nimpitie alikokaa tuende harusini. Nikamwambia, kwa Kiingereza safi cha chuo cha ualimu: saa kumi na mbili kamili nitakuwa langoni, nitakuflashi. Usijibu kitu. Ukiona tu, toka nje.

Akaweka kikombe chini polepole.

Sasa, wale ambao hamjaishi kwao niwaambie. Huko, mwanamume akisemekana kamflashi mwanamke, maana yake ni kwamba amesimama mahali pa watu, akafungua koti ghafla, akaonyesha kile ambacho mama yake alimfundisha kukifunika. Ni kosa la jinai. Nami nilikuwa nimempa mama wa watu miadi, saa, mahali, na maagizo ya kutonijibu. Mwalimu mkuu ndiye aliyeokoa jahazi. (Enzi hizo Okoa Jahazi ya kukopa krediti ilikuwa haijaja, jahazi liliokolewa kwa mdomo.) Alipoelezwa, yule mama alicheka mpaka akatoa kitambaa, kisha akafungua kijitabu chake, akaliandika neno, na chini yake akaandika: kanuni? Kila siku tangu hapo akawa ananiuliza kanuni, nami nikawa sijui. Mtu aliyezaliwa na lugha huijua kama ajuavyo njia ya kwenda msalani gizani. Akiulizwa achore ramani, anashindwa.

Tuanze na asili. Kitenzi hiki cha Kiingereza hakikuzaliwa na nuru, kama wengi tunavyodhani. Katika karne ya 14 kilisemwa kuhusu maji: maji yanayorukia kitu, yanayopiga ukingo na kutapanyika. Inaelekea ni tanakali ya sauti, jamaa wa chubwi letu. Nuru ilikuja baadaye, karne ya 16 hivi, na yule bwana wa koti akaja nyuma sana. Kwa hiyo neno lililofika kwetu Kisumu ndani ya simu lilikuwa, kwa ukoo wake, neno la ufukweni. Sisemi kwamba lilijua linakokwenda. Lakini ukisimama kando ya ziwa usiku usio na mwezi, wakati wavuvi wa omena wamewasha taa zao na upepo unayapiga maji kwenye mbao za mitumbwi, maana zote mbili za kale unazipata bila kamusi.

Kuflashi kwetu ni kumpigia mtu simu ukiwa umekusudia asiipokee. Kuna ufundi. Unabonyeza kitufe cha kijani, unapeleka simu sikioni, kidole gumba kimekaa tayari juu ya kile chekundu. Unangoja mlio wa kwanza, unauacha ufike nusu, unakata. Ukikata mapema, kwake haijalia, umejiflashi mwenyewe. Ukichelewa, anashika, anasema haloo, na hapo umekwisha.

Umekwisha kwa sababu ya hesabu. Kampuni ya simu ya KenCell ilifungua biashara Agosti 2000, Safaricom ikafuata Oktoba mwaka uleule. KenCell ilitoza kwa sekunde. Safaricom wakati huo ilitoza kwa dakika. Yaani haloo moja ya bahati mbaya ililipiwa dakika nzima, uongee usiongee. Nyumbani kwetu kadi ya kukwangua ilinunuliwa kwa mchango, kama jeneza. Ndiyo maana sauti ya kutisha zaidi katika miaka ile haikuwa mlio wa simu, ilikuwa sauti ya mtu uliyemflashi akisema kwa furaha, "Eee, habari za siku nyingi!"

Hebu niwapeleke Dunga, kwenye ufukwe wa wavuvi. Kabla ya bei hizi nafuu za kupiga simu, nilikuwa nikienda pale Jumamosi kununua ngege. Kulikuwa na mama mmoja mchuuzi, mteja wangu mimi au mimi mteja wake, hatukuwahi kuamua. Alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, simu ameifunga kwenye fundo la leso kiunoni. Ikalia mara moja, ikanyamaza. Hakutikisika.

"Mama, simu," nikasema.

"Nimesikia, japuonj," akanijibu, yaani mwalimu kwa Kijaluo.

"Na hushiki?"

"Hiyo si ya kushika. Ni ya kusikia."

Baada ya muda ikalia tena mara moja. Hapo akainuka, akakung'uta sketi, akamwita kijana wa barafu, akamtuma mwingine akamzuie mwenye bodaboda asichukue abiria. Mtumbwi wa wavuvi wenyewe haujaonekana hata kwa darubini. Nikamwomba anifundishe. Flashi ya kwanza: tumegeuza, tunarudi. Ya pili: tumepata. Ikija ya kwanza pekee na ya pili isifuate, ni samaki wa kujaza kofia, basi yeye huondoka zake mapema akauze nyanya. Zikija tatu kwa kufuatana, gugumaji limeziba njia, tutachelewa, msitupikie.

"Kwa nini mvuvi asikupigie tu akakueleza?" nikauliza, swali la mwalimu mwenye mshahara.

Akaniangalia kwa huruma. Huko majini, akasema, simu inakaa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili. Mifuko ilikuwa bado halali. Serikali iliipiga marufuku Agosti 2017. Ukifungua mfuko uzungumze, wimbi moja tu na simu imekwenda kuishi na kamongo. Lakini kitufe unaweza kukibonyeza juu ya plastiki. Kwa hiyo si umaskini wa krediti peke yake uliokitunga kitenzi hiki. Mikono yenye maji nayo ilichangia. Ninyi mnaoandika vitabu vya historia ya mawasiliano, tafadhali mpatieni yule mvuvi ukurasa, hata nusu.

Turudi darasani kidogo, maana nimelipwa soda ili nizungumzie sarufi. Katika Kiingereza kitenzi hiki kina maumbo manne, nimeyahesabu, na kazi imekwisha. Kilipovuka kuja kwetu kilijiunga na ukoo wa rudi, fikiri na samehe, vile vitenzi vya kuja ambavyo havigeuzi irabu ya mwisho hata vikikanushwa: sirudi, siflashi. Kisha kikaanza kuzaa. Kuflashiwa, ambayo ni hali ya mwenye mshahara mwisho wa mwezi. Kuflashia, yaani kuflashi kwa niaba: "Niflashie mjomba kwa simu yako, atajua ni mimi," na kweli alijua, sijui kwa uganga gani. Kuflashisha, alivyotufanya mwenye nyumba wangu wa Nyalenda, ambaye alitaka aflashiwe na kila mpangaji akifika langoni usiku. Kuflashiflashi, ambako ni kero, na kulikovunja uchumba wa rafiki yangu. Na kuflashiana, ambayo ni vita: wawili wanaosomesha watoto, kila mmoja anaona mwenzake ndiye mwenye nafuu, huyu anaflashi, yule anarudisha flashi, huyu tena, yule tena, mpaka betri moja ifariki. Nimeshuhudia ndugu wawili wakiflashiana kutoka mtaa wa Kondele hadi wa Kibuye na hatimaye wakakutana ana kwa ana barabarani. Habari yenyewe ilikuwa kwamba ugali umeiva.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni kauli ya kutendeka. Kuna watu hawaflashiki. Kila ukoo unaye mmoja. Marehemu mjomba wangu alikuwa haflashiki: alishika simu kabla haijamaliza kulia mara ya kwanza, akiwa shambani, akiwa kanisani, akiwa amelala. Sisi watoto wa dada zake tulimpenda na tulimkwepa kwa sababu hiyohiyo. Nitajieni neno la Kiingereza lenye maana hiyo. Sisi tuna silabi nne.

Mtego mmoja niutaje nipite. Katika matamshi yetu kuna flashi tatu: ya simu, ya kompyuta ile ya kuchomeka, na ya choo. Waingereza huitofautisha ya choo kwa irabu ambayo masikio yetu hayana haja nayo. Ndiyo maana katibu wa shule akikuachia ujumbe kwamba usisahau kuflashi kabla hujatoka, itabidi ufanye yote matatu ili uwe salama.

Sasa kanuni, zile za kijitabu. Nilihitaji miaka kuziona, na nilianzia kwenye jina la mji huu. Wazee husimulia kwamba Kisumu inatokana na kusuma. Wajaluo na majirani zao Waluhya walikutana hapa kubadilishana nafaka, samaki, vyungu, mifugo, hasa njaa ilipobisha hodi upande mmoja. Anayekwenda kusuma si ombaomba. Amepungukiwa, ndiyo, lakini hukunja mkeka, hubeba alichonacho kidogo, huelekea kwa aliye na akiba, akijua kwamba mwaka ujao mvua inaweza kubadili mawazo na wa upande ule wakaja kwake. Hasemi "nisaidie". Kufika kwake tu kumeshasema. Mji mzima umepewa jina la kitenzi hicho, ingawa wageni wa reli walijaribu kuuita Port Florence kwa heshima ya bibi mmoja Mzungu, na jina lao likaenda na moshi.

Kuflashi ni kusuma kwa simu. Ninayeflashi sikuombi krediti. Nimetoa nilichonacho, mlio mmoja, nawe unatoa ulichonacho. Na kama ilivyo katika kusuma, mwelekeo una adabu. Flashi hupanda, haishuki. Watu wa pwani watanielewa nikisema ni kama shikamoo: hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, na mkubwa akianza yeye, jambo limeharibika. Mwanafunzi humflashi mzazi. Kibarua humflashi tajiri. Mama mkwe, maro kwa Kijaluo, anaweza kumflashi mume wa bintiye, naye kijana atampigia akiwa amesimama wima. Kinyume chake sijawahi kukisikia, na kikitokea itabidi wazee waketi. Mwanamume anayechumbia hafai kuflashi kabisa. Akiflashi mara moja, binti atafikiri ni ajali. Mara ya pili, dada zake watamweleza ni nini.

Siku niliyoelewa haya sawasawa ilikuwa siku mama yangu aliponiflashi mara ya kwanza. Tangu nipate simu, mimi ndiye niliyekuwa nikimflashi, yeye anatafuta kadi, ananipigia. Kisha barua yangu ya ajira kutoka TSC, tume ya walimu, ikafika, na wiki mbili baadaye, nikiwa nasahihisha madaftari, simu ikalia mara moja. Jina lake. Nikaitazama. Hakuwa amenipongeza kwa kazi, hakuwa amechinja kuku. Alinyanyua tu simu na kugeuza mwelekeo wa flashi. Nikatoka nje ya chumba cha walimu, nikampigia, na alichosema ni kwamba ng'ombe wa jirani wameingia kwenye mtama.

Haya hatukuyagundua peke yetu. Mtafiti Jonathan Donner alichapisha mwaka 2007 makala kuhusu kanuni hizi, akitegemea zaidi aliyoyaona Rwanda, ambako huita kubipu, kama Uganda na Tanzania. Alikuta kwamba mwenye nacho ndiye hulipa, na akazigawa flashi katika mafungu matatu: ile inayosema nipigie, ile ya makubaliano, kama ya mvuvi wetu, na ile isiyotaka chochote, inayosema tu kwamba niko, nimekukumbuka. Waitalia, wenye magari na viatu vya ngozi, nao walikuwa na ya kwao, wakiiita squillo, na vijana wao walitumiana usiku kucha bila neno. Kwa hiyo anayewaambia kuwa hiki ni kitenzi cha Waafrika maskini, mwambieni aende Roma.

Wengine walikigeuza biashara. Afrika Kusini kijana wa uhasibu katika kampuni ya Vodacom, Nkosana Makate, alikuwa na mpenzi aliyesoma mbali na asiyekuwa na pesa za kupiga. Novemba 2000 akatoa wazo: mtu atume ujumbe wa bure wa kuomba apigiwe. Kampuni ikalitumia, likaleta mabilioni, naye hakupata kitu. Akaenda mahakamani mpaka Mahakama ya Katiba, ambayo mwaka 2016 ilimpa ushindi na kuamuru kampuni ijadiliane naye malipo. Nikiisoma kesi hiyo huwaza: wale waliomnyima walikuwa wameflashiwa vizuri kabisa, wakajifanya hawakusikia.

Huku kwetu Safaricom ilikichukua kitenzi, ikakitia nembo, ikaitwa Flashback, kwa nambari 130. Ujumbe unafika umeandikwa kistaarabu, tafadhali nipigie, asante. Sikuipenda. Flashi halisi huweza kukanushwa. Nikikuflashi na usipige, sote wawili tunaweza kudai kesho kwamba simu ilikuwa mbali, ilikuwa kimya, ilikuwa inachajiwa dukani. Ujumbe ulioandikwa hauachi nafasi ya kusingizia. Umeshaniomba, nimeshakunyima, na ushahidi umo mfukoni na saa yake.

Kisha bei zikaanguka. Mwaka 2010 tume ya mawasiliano ilipunguza ada ambayo mtandao mmoja huulipa mwingine kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika, na Zain, ambayo ni KenCell ileile iliyokwisha kupitia jina la Celtel na ambayo baadaye iliitwa Airtel, ikashuka hadi shilingi 3 kwa dakika kwenda kokote. Kondele watu walipiga simu siku hiyo kwa ajili ya kupiga tu. Siku hizi unaweza hata kumpigia mtu kwa gharama zake ukitanguliza alama ya reli kabla ya nambari, na hilo huku kwetu linafaa, kwa kuwa reli iliyofika ufukwe huu Desemba 1901 ilijengwa kwa pesa za walipa kodi wa Uingereza. Tulilipishwa kwa njia nyingine, lakini huo ni mhadhara wa mtu mwingine.

Wanafunzi wangu hawaflashi tena. Nilipowaambia kidato cha pili watumie kitenzi hicho katika sentensi, ishirini walinipa kompyuta na wawili choo. Mafungu mawili ya kwanza ya Donner yamekufa au yanakaribia. Mama wa Dunga, nilipomwona mara ya mwisho, alikuwa akisikiliza ujumbe wa sauti kutoka majini, injini inanguruma, mvuvi anaeleza kila kitu mpaka rangi ya mbuta. Nikamuuliza kama ni afadhali. Akasema ni afadhali, ila siku hizi wanaume wanaongea sana.

Fungu la tatu ndilo lililonishangaza. Mwaka jana, Jumapili moja usiku, simu yangu ililia mara moja ikakatika. Nambari ilianza kwa 44, ya Uingereza. Nikaona ni makosa, au ni wale matapeli wanaotaka uwapigie. Jumapili iliyofuata, saa ileile, ikalia tena mara moja. Ya tatu ndipo nilipokumbuka kijitabu, na yule mama wa viatu vya milimani, ambaye alipoondoka tulibadilishana nambari na mimi sikuibadilisha yangu hata siku moja.

Nikaketi na tatizo la kitaalamu. Yeye ni mkubwa wangu, tena ana pensheni ya pauni. Flashi hii imeshuka, haikupanda. Hawezi kuwa anataka nimpigie. Hatuna makubaliano ya samaki. Basi limebaki fungu moja tu, nalo jibu lake ni flashi. Nikapiga, nikaweka simu sikioni, nikangoja mlio. Lakini simu hizi mpya hazina kitufe chekundu cha kudumu. Ukiisogeza sikioni kioo kinazima, na kidole gumba changu, ambacho kiliwahi kuwa hodari, kikawa kinapapasa kioo cheusi.

"Haloo," akasema. Na kabla sijapata pumzi, kwa Kiswahili chake cha Ahero: "Mwalimu, umechelewa kukata."